Muulize Mzee Ala: Kisu Kimo Mfukoni, Abiria Wamehama Viti

Kwa kawaida safu hii hujibu mambo ya ndoa, mikopo na majirani wanaofuga majogoo. Mwezi huu barua zimekuja za jambo moja tu, nadhani kwa sababu niliwahi kuropoka hapa kwamba nina kisu cha kukunja tangu ujanani na mke wangu hajui nakiweka mfuko gani. Wasomaji wamemiminika. Kila mmoja ana kijisu chake, na kila mmoja anataka kutembea nacho bila kuwatisha watu, bila kufukuzwa kazi na bila kulala mahabusu. Nimejibu nilizoweza. Walioandika kwa matusi nimemwachia mhariri.

*

"Shikamoo Mzee Ala. Nilipanda basi Muheza kuja Dar es Salaam na mfuko wa machungwa. Tulipopita Segera kiu ikanishika, nikatoa kisu changu nimenye. Ni kisu cha kisasa, ukibonyeza kinafyatuka chenyewe, chak! Dada niliyekaa naye akapiga yowe, watu wa nyuma wakahama viti, konda akanitaka nijieleze mbele ya basi zima. Mimi nilitaka chungwa tu. Nimekosea wapi?" — Mla Machungwa, Temeke

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yaliyokukuta. Kwenye chungwa hukukosea. Ulikosea kwenye hiyo "chak". Dada yule hakuwa ameona kisu. Alisikia mlio anaoujua kwenye filamu, akageuka, akakuta ncha iko karibu na mbavu zake. Ungekuwa wewe ungetulia?

Mchinjaji mwenye kuijua adabu ya dini hukinoa kisu mapema, tena kando, mbuzi asikione. Sasa ikiwa mbuzi, ambaye saa yake imeshafika, anasitiriwa, iweje abiria mwenzio aliyekata tiketi mpaka Mbezi?

Siku nyingine anza na chungwa. Litoe, liweke mapajani pamoja na mfuko wa kutilia maganda, jirani alione. Chungwa likishaonekana, kisu kina maelezo yake. Mwambie, "Samahani dada, naomba nimenye chungwa hapa," na la kwanza mpe yeye. Kifungue kwa mikono miwili, polepole, kwa kutia ukucha kwenye ule mfuo mdogo wa ubavuni, mikono ikiwa chini usawa wa tumbo. Tena usifanye hivyo basi likiwa mbioni, maana matuta ya njia ile hayapigi hodi. Ngoja lisimame pale Mkata watu wachimbe dawa.

Halafu menya kama wanavyomenya wauzaji wa barabarani: shika kisu kisitembee, zungusha chungwa. Ganda la kijani litoke jembamba, utepe mmoja mrefu, nyama nyeupe ibaki palepale. Kata kifuniko juu. Sasa kabla hujaanza kufyonza, futa kisu kwa leso, kikunje, kirudishe mfukoni. Kisu kinachofanya kazi hakimtishi mtu mzima. Kinachotisha ni kile kinachokaa wazi mkononi huku mwenyewe anapiga soga.

Hicho cha kufyatuka achana nacho. Nchi nyingi zimekipiga marufuku.

*

"Mzee Ala, kaka yangu aliniletea kisu cha Okapi kutoka Durban. Kikali sana, ila kikifunguka kinalia krr-krr-krr kama saa ya ukutani ikitiwa ufunguo. Kila mtu barazani anageuka. Nikitie mafuta?" — Mwenye Kelele, Tanga

Usikitie mafuta ukidhani kitanyamaza. Mlio huo ni wa vile vijino vya chuma vinavyokizuia kisijikunje kikiwa kazini. Kila jino linatoa taarifa kwa niaba yako.

Na kwa kuwa umenikumbusha, kisu hicho kina historia inayotuhusu. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kikilengwa kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, na koloni mojawapo ndipo ulipokalia baraza hilo sasa. Jina ni la mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, yule mwenye miguu ya pundamilia, ambaye wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kisayansi mwaka 1901. Mwaka haukupita wakampachika kwenye mpini. Siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini kwenyewe, ni cha bei ya wanyonge, chuma chake kinanoleka hata kwenye jiwe la mlangoni, na mkulima akiwa nacho hahitaji kingine. Tatizo ni kwamba mitaa ya huko imekipa sifa nyingine, ya vibaka, na sifa hiyo imevuka mpaka pamoja na kisu.

Kipeleke shamba. Kule kilie kitakavyo.

*

"Mheshimiwa Mzee Ala, mimi ni afisa mikopo. Nimenunua kisu kizuri cheusi chenye kibanio, nakibana kwenye ukingo wa mfuko wa suruali. Tangu siku hiyo wateja wananijibu kwa heshima isiyo ya kawaida na meneja anaacha mlango wazi nikiingia. Je, nimepata kupandishwa cheo bila barua?" — Mtanashati, Dodoma

Hujapandishwa cheo. Unaogopwa.

Hebu fikiria mteja aliyechelewesha marejesho ya miezi miwili. Anaingia ofisini, anaketi, macho yake yapo usawa wa mfuko wako. Pale anaona kipande cha chuma cheusi. Utamwambiaje hicho ni cha kufungulia bahasha?

Kibanio hicho kilianza kuzoeleka baada ya kampuni ya Spyderco ya Marekani kukiweka kwenye visu vyake mwaka 1981, na ni kitu kizuri kwa mtu aliye juu ya ngazi au ndani ya boti, anayekitaka kisu haraka. Wewe haraka ya nini? Kimeshikwa na skrubu ndogo; fundi simu yeyote atakung'olea. Kisu kikae chini kabisa ya mfuko, kiwe ndani ya kipochi cha kitambaa kisigongane na funguo, na simu iwe mfuko mwingine.

Ila ushauri wangu wa kweli ni ubadilishe kisu chenyewe. Nunua kile kidogo chekundu cha Uswisi. Jeshi la Uswisi liliwagawia askari wake kisu cha kukunja mwaka 1891, nacho kilikuwa na kazi mbili kubwa: kufungua makopo ya chakula na kufungua skrubu za bunduki. Fundi mmoja wa jimbo la Schwyz, Karl Elsener, ndiye aliyeuhamishia utengenezaji nyumbani baada ya shehena ya mwanzo kutoka Ujerumani, na mwaka 1897 akasajili kile cha maofisa, chembamba zaidi na chenye kizibuo cha chupa za mvinyo. Ndiyo ile kampuni inayoitwa Victorinox leo. Wana kimoja cha milimita 58, hakizidi kidole cha mtu, kina makali, mkasi, tupa ya kucha, kijiti cha meno na kibano. Mimi sijaona mtu akimkimbia mwenye kijiti cha meno.

Rangi nayo ina maneno. Kisu chekundu au chenye mpini wa mbao watu wanakiona kama kifaa. Cheusi chenye matundu kwenye bapa kinawakumbusha komando. Makali ni yaleyale, lakini macho ya watu hayapimi makali.

Ofisini kuna kanuni moja zaidi: toa mkasi kwanza. Kamba ya kitambulisho, uzi wa shati, pakiti ya karanga, vyote mkasi unatosha. Na siku ya keki ya kumuaga mfanyakazi mwenzenu, pale anapoulizwa nani ana kisu, usiinuke mara moja. Ngoja. Jipapase mifuko, sema "nadhani ninacho mahali." Mtu anayejua kilipo kisu chake bila kutafuta huwatia wenzake mashaka.

*

"Assalaam alaykum. Ijumaa iliyopita nikiwa sijida kisu changu kilitoka mfuko wa kanzu, kikateleza juu ya marumaru mpaka safu ya mbele, kikasimama kwenye kisigino cha mzee mmoja. Tangu hapo sijarudi msikiti ule. Nifanyeje?" — Mwenye Kanzu, Mombasa

Waalaykumu salaam. Mfuko wa kanzu ni mfuko wa tasbihi na leso, haukushonwa kwa ajili ya chuma. Ukiinama umekuwa mdomo wazi. Kama huna budi kuwa nacho, kiweke mfuko wa suruali ya ndani, ule wenye kifungo, au kifunge kamba uishonee kwenye pindo la mfuko. Usikiache ndani ya viatu mlangoni. Wote tunajua yanayovipata viatu siku ya Ijumaa.

Lakini kwani swala ina maganda? Kiache nyumbani. Mafundisho yapo tangu zamani: Mtume aliwaagiza wenye kupita misikitini au sokoni na mishale waishike kwenye vichwa vyake, isije ikamjeruhi mtu. Hiyo ni hatari ya bahati mbaya tu, bila nia mbaya yoyote, na bado ilitolewa agizo. Rudi msikitini, mtafute yule mzee, msalimie, mpe mkono. Atakuwa amesimulia kisa hicho barazani mpaka amekipenda.

*

"Mzee Ala, mume wangu anakata kucha za miguu kwa kisu kilekile anachomenyea watoto maembe. Nikisema, anasema amekifuta." — Nimechoka, Korogwe

Kichukue akiwa amelala. Akiuliza, mwambie nimekuagiza mimi.

*

"Mzee, nipo Nairobi. Kila duka kubwa nikiingia walinzi wananipapasa, na kisu changu cha funguo kinanitia aibu. Kuna mfuko ambao hawaugusi?" — Mteja Mwema, South B

Mjukuu wangu, swali lako limeanza vizuri likaishia pabaya. Ukaguzi ule ulikazwa baada ya watu kuuawa Westgate mwaka 2013, na mlinzi aliyesimama pale mlangoni anakulinda wewe. Mfuko ambao haugusi sitautaja hata ningeujua. Mwambie kabla hajakikuta: "Nina kisu kidogo cha kukunja kwenye funguo, naomba nikuachie." Atakutazama, atacheka, pengine atakuruhusu, pengine atakupa kibandiko chenye namba na kukiweka kwenye droo. Kisu kilichotajwa na mwenyewe ni kifaa. Kilekile kikichomolewa na mlinzi kutoka kwenye soksi kimeshakuwa kesi.

*

"Ninasafiri usiku wa leo, nijibu haraka! Kisu changu nilichoachiwa na marehemu babu kimo kwenye begi la mkononi. Nitapita?" — Msafiri, Dar es Salaam

Umeshaondoka, na nina hakika hukupita nacho. Kwa wengine wanaosoma: tangu 11 Septemba 2001 hakuna utani kwenye mashine zile. Visu vinakwenda kwenye begi kubwa linalopakiwa chini ya ndege, vikiwa vimekunjwa na kufungwa kwenye nguo. Ulaya kanuni yao huzuia visu vyenye makali yanayozidi sentimita 6, lakini msinibebee kanuni ya Brussels kwenda kubishana nayo pale uwanja wa Julius Nyerere. Hata Wamarekani mwaka 2013 walitangaza kwamba wangeviruhusu tena vidogo ndani ya ndege, wahudumu wa ndege wakaja juu, na baada ya miezi mitatu tangazo likafutwa.

Kabla ya kuagana na aliyekusindikiza, jipapase mifuko yote. Kisu cha babu kirudi nyumbani naye. Kikishaingia kwenye ile ndoo ya plastiki iliyojaa mikasi na visu vya watu, hakuna msiba utakaokirudisha.

*

"Shikamoo. Mimi ni Mzanzibari niishiye London. Harusi ya mdogo wangu ni mwezi ujao, bwana harusi atavaa joho, kilemba na jambia. Na mimi mwenyewe natembea na kisu kidogo cha kukunja kwa kazi ya useremala. Huku polisi wanasimamisha watu. Wakati huohuo nikienda Muscat naona wanaume wazima wana hanjari kiunoni na hakuna anayewauliza. Haki iko wapi?" — Mtoto wa Vuga

Marahaba, na hongera kwa harusi. Barua yako imenifurahisha, nitaijibu kwa kirefu.

Muscat kwanza. Hanjari ya Mwomani inavaliwa mbele, katikati ya tumbo, imepambwa kwa fedha, na imo mpaka kwenye bendera ya taifa. UNESCO iliuorodhesha ufundi wake mwaka 2022. Lakini umewahi kuona mtu akiichomoa kwenye hafla? Kwa mila yao kuitoa alani bila sababu kubwa ni aibu. Kwa hiyo wanaume wote wale unaowaona wana silaha kiunoni, na wote wameafikiana kwamba hakuna atakayeitumia. Jambia la bwana harusi wa Unguja limefuata njia hiyohiyo: ni la kumpendezesha, na kama lina kutu ndani ya ala hakuna atakayejua. Kitu kinachovaliwa hadharani kinahitaji jamii nzima iwe imekubaliana juu ya maana yake. London haijakubaliana nawe.

Sheria ya huko ya mwaka 1988 inakuruhusu kutembea na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, bila kulazimika kutoa sababu. Angalia hapa, maana wengi wameponzwa hapa: lazima kiwe kinakunjika wakati wowote. Kikiwa na kizuizi ambacho mpaka ukibonyeze ndipo kisu kijikunje, mahakama zao zilishaamua miaka ya 1990 kwamba hicho hakihesabiki kuwa cha kukunja, hata kiwe kifupi vipi. Hapo utatakiwa kuwa na sababu nzuri. Useremala ni sababu ukiwa njiani kwenda kazini na sanduku la vifaa; Jumamosi usiku ukiwa kwenye foleni ya muziki, useremala haukusaidii.

Kuhusu jambia, sheria hiyohiyo inataja kazi, dini na vazi la taifa miongoni mwa sababu zinazokubalika. Ndiyo maana Msikh ana kirpani yake na Mskoti amevaa sketi yake huku kijambia kidogo kimechomekwa kwenye soksi. Hata hivyo, usimpandishe bwana harusi kwenye treni ya chini ya ardhi akiwa amelivaa, halafu umweleze polisi historia ya Unguja kituo hadi kituo. Lifungeni kwenye sanduku, liende ndani ya buti la gari mpaka ukumbini, avikwe mlangoni na wazee, apigiwe picha, lirudi sandukuni. Vigelegele havitapungua.

*

"Mzee Ala, natoka kazini saa sita usiku na njia yangu ina vibaka. Nimenunua kisu cha kukunja nijilinde. Nakifichaje ili nikitoe haraka?" — Kijana wa Usiku, Mbagala

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu sina mzaha nayo.

Mwanangu, kisu hicho hakitakulinda. Kinataka mikono miwili, ukucha na utulivu, na kibaka hakupi hata kimoja. Kama hakina kizuizi, ukikisukuma kwa nguvu kinajikunja juu ya vidole vyako mwenyewe. Na kama kibaka alikuja kwa ajili ya simu, akiona chuma kinang'aa hatazami simu tena. Wenzake nao, waliokuwa wamesimama gizani wanangoja tu, wanajongea. Ulikuwa upoteze simu, sasa mnagombania roho.

Kuna upande wa sheria pia. Kanuni za Adhabu za Kenya na za Tanzania zote zina kifungu cha zamani tulichoachiwa na Mwingereza, kinachokataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kifungu hicho hakina rula ndani yake. Askari anatazama saa, mahali na maneno yako. Kisu kidogo saa saba mchana kando ya fungu la miwa hakina swali. Kilekile saa saba usiku, nje ya geti la mtu, na wewe mwenyewe unasema ni cha kujilindia, tayari umekiita silaha kwa kinywa chako. Wala sikwambii utafute maneno mengine ya kumdanganya. Nakwambia kama sababu ya kweli ni hiyo, kiache nyumbani.

Pesa ya kisu hicho iwekee nauli. Tafuta bodaboda mmoja unayemjua kwa jina, mkubaliane bei ya mwezi. Toka kazini pamoja na wenzako mpaka kwenye taa. Simu iwe mfukoni, isiwe sikioni. Wakikukuta hata hivyo, wape. Simu zinauzwa Kariakoo kila siku.

*

Mhariri ananiomba niongeze jambo. Kuna msomaji ametutumia kisu chake ndani ya bahasha ya kaki, bila barua, nadhani akitaka kikanolewe. Kimetoboa bahasha na kidole cha katibu muhtasi. Kipo droo ya chini ofisini, kimefutwa na kukunjwa; mwenyewe aje akichukue saa za kazi, aje na plasta. Kuanzia sasa tuma karatasi tu, na andika jina la mtaa wako kwa herufi zinazosomeka.